Katoni Isiyo na Bei

Ile sifuri ilitoka kwangu. Naanza na hapo kwa sababu najijua: nikianza kwingine nitazunguka, nitasema vita, nitasema mpaka, nitasema nchi iliharibika, na kabla hujafika mbali utakuwa umeshanihurumia. Ngoja kwanza.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, hapa Lubumbashi. Nikisema mwalimu, maana yake nilikuwa na chaki na nilikuwa na darasa. Mshahara ulikuwa habari ya zamani. Wazazi ndio waliotulisha, mwenye unga alileta unga, mwenye mkaa alileta mkaa. Nchi ilikuwa imekatika vipande viwili, sisi huku upande wa serikali, wenzetu kule upande wa waasi, na barua kutoka nje zilikuwa zimeacha kufika. Baba yangu, aliyetoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli, bado alivaa kofia yake ya kazi kila asubuhi na kwenda kukaa stesheni, ambako garimoshi lilipita siku lilipotaka. Mama alimwuliza, "Unaenda kungoja nini?" Akajibu, "Kazi." Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka.

Kila Jumamosi mchana, katekisimu ikiisha, mupe, yaani padre wa parokia yetu, alitupa chumba cha nyuma. Tulikuwa watu tisa: walimu watatu, fundi umeme aliyeachishwa kazi mgodini, na wengine wanafunzi wa chuo ambacho mwaka ule kilikuwa kimefunga milango. Kompyuta zilikuwa tatu, tuliziunga wenyewe kwa vipande kutoka maofisi yaliyokufa. Tulijiita kikundi cha watumiaji, watumiaji wa ule mfumo wa kompyuta usio na mwenyewe, unaotengenezwa na watu wa dunia nzima, ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuunakili, na kumpa jirani. Unacheka? Na majirani zetu walicheka. Mji hauna unga, ninyi mnafungua vyuma! Basi wacheke. Mle ndani angalau tulikuwa na neno la kuzungumza zaidi ya bei ya mahindi.

Kazi yangu mimi ilikuwa makatoni. Kuvuta ule mfumo kwa laini ya simu ya mji wetu kungechukua wiki nyingi, na laini ingekatika siku ya mwisho. Kwa hiyo tulitumiwa kwa diski. Huko nje kulikuwa na watu wa kujitolea, wenye kazi zao na watoto wao, ambao jioni waliandikia makampuni kuwaomba: tupeni diski, tupeni vitabu, tupeni fulana na vifaa mlivyochoka navyo. Makampuni yakitoa, wao walipakia katika gereji ya mmoja wao na kutuma kwa vikundi kama chetu. Yule wa gereji ndiye niliyeandikiana naye. Sijawahi kumwona. Kila barua aliimaliza kwa kuniambia theluji imefika wapi mlangoni kwake, na mimi nilimjibu mvua imefika wapi kwangu. Barua zangu niliziandika parokiani, nikazibeba kwenye disketi mpaka mjini kati, kwenye duka la kompyuta za kulipia, nikazituma haraka kabla dakika yangu haijaisha. Katoni ikifika, mimi ndiye niliyegawa: hizi za Likasi, hizi za Kolwezi, hizi zetu. Kisha sote tisa tulisimama tukapiga picha na katoni yetu, tabasamu mpaka masikioni, ili wafadhili waone.

Na tulikuwa na sheria moja. Mwenyekiti wetu wa kwanza alikamatwa anauza diski zetu sokoni, juu ya meza moja na betri na sindano. Tangu siku ile tuliapa: kitu cha kikundi hakitajiwi bei. Ukithubutu kusema kitabu hiki kingeuzwa kiasi gani, unafagia chumba peke yako. Hata kwenye karatasi ya safari, mahali palipoandikwa thamani, tuliwaomba wale wa gereji waweke sifuri. Makatoni manne yalikuja hivyo, na sifuri yao, bila mtu kuyagusa. Mimi nilijivuna. Niliona tumewashinda wezi kwa namba moja tu.

Sasa nimseme Yaya. Hatukuzaliwa naye tumbo moja. Nilimwita Yaya, dada mkubwa, kwa sababu alinizidi miaka kumi na tano na kwa sababu ulimi wangu ulikataa kumwita vingine. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne. Masista walimfundisha kuandika kwa nukta na kwa mashine ya kupiga chapa, na alipokuwa msichana mkubwa aliingia kazi katika chumba cha simu cha mgodi. Miaka kumi na tisa alikaa pale na vile vyuma masikioni, akiwaunganisha watu. Alijua sauti za wakubwa wote, na wake zao, na wale ambao si wake zao. Siku mitambo ilipozimwa alipewa barua ya kurudi nyumbani, akalazimika kumwomba jirani amsomee kwamba amefukuzwa. Aliishi Ruashi, nyumba ya vyumba viwili, karibu na lile shimo la zamani la mgodi lililojaa maji, pamoja na mama yake mzee na mabinti zake wawili. Mume alikwenda kutafuta almasi Kasai, akatafuta moja kwa moja.

Alikuja kwetu mwenyewe. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye kikao cha wamama wa parokia, akasikia vidole vyangu kwenye kibodi. Mlango ukafunguka, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani akasimama pale akaelekeza uso dirishani.

"Ni nani anapiga mashini mubaya vile?"

"Ni miye, Yaya."

"Unapiga sawa muntu anafukuza kuku. Toka, nikae."

Akakaa. Haki ya Mungu, sijaona vidole vya vile tena. Tatizo lilikuwa moja: aliandika, lakini kompyuta ilimjibu kwa maandishi, na maandishi yake yeye hayakuwa hayo. Kwa hiyo nikawa mashine. Niliketi pembeni yake nikasoma kila kilichotokea kwenye kioo, kwa sauti kavu, neno kwa neno, nukta na mkato, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba viko vifaa vinavyosoma namna hiyo na nilitaka azoee. Alinitesa.

"Mudogo wangu, leo mashini iko na mafua?"

"Hapana, Yaya."

"Mashini haisemake 'hapana Yaya'. Soma."

Miezi minne tulifanya hivyo. Mwishoni alikuwa anafungua barua, anatengeneza, anahifadhi, anatafuta, vizuri kuliko wale wanafunzi wenye macho mawili mawili. Akatoka peke yake, binti yake amemshika mkono, akaenda mjini kati kugonga milango ya maofisi kuomba kazi. Milango mingi haikufunguka. Mmoja ulifunguka. Mkurugenzi wa ofisi moja ya bima alimsikia tu akisalimu mlinzi nje, akatoka mwenyewe mbio. Alikuwa karani kijana mgodini miaka ile, na sauti ya Yaya ndiyo iliyomuunganisha na mchumba wake kila Ijumaa.

Nilikuwapo mara ya pili alipomwita. Alimwambia wazi, na namheshimu kwa hilo, kwamba mitambo ya simu ya sasa inajiunganisha yenyewe. Yeye anatafuta mtu wa kupokea ujumbe na kuandika barua kwenye kompyuta. "Mama, kama unaleta ile kintu inasoma, na miye naisikia inasoma, kiti ni yako. Nitakungojea mpaka mwisho ya mwezi wa pili. Kiisha pale, bakubwa bangu batanitumia muntu wabo, na sitakuwa na neno ya kusema."

Yaya alitembea nami mpaka kituo cha basi. Kisha alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana. "Njaa nilisha kuizoea," alisema. "Kukaa tu njo sizoee. Asubuhi natoka kitandani, nakaa. Leta ile mashini, mudogo. Nakulomba."

Niliandika usiku? Hapana, niliandika palepale, mchana uleule, nikakimbia kwenye kompyuta za kulipia. Wiki tatu baadaye jibu lilikuja. Yule wa gereji alikuwa ameandikia makampuni kumi na kitu, na moja lilikubali kutoa: kifaa kidogo cha kuchomekwa nyuma ya kompyuta, ukubwa wa kitabu cha misale ya kanisani, chenye spika yake, kilichotumika kidogo, na kinasoma Kifaransa. Nilipiga kelele hadi mwenye duka akanitazama. Chini ya habari hiyo nzuri aliandika swali. Kifaa hiki si kama diski, alisema, hiki peke yake kinazidi makatoni yote manne ya nyuma. Maghala ya huko kwenu yana sheria zao juu ya mizigo. Je, niandike bei yake ya kweli, au sifuri kama kawaida?

Nilijibu kabla dakika haijaisha. Sifuri kama kawaida.

Sikumwuliza mtu. Fundi umeme alikuwa nyumbani kwake mtaa wa pili, Yaya alikuwa Ruashi, mupe alikuwa parokiani. Niliogopa kwamba bei ya kweli ingeleta watu wa kutaka chao mpakani. Ndiyo, niliogopa. Lakini nikisema kwamba ni hofu tu, nadanganya. Niliona fahari. Sisi ni watu wa sifuri, nilijiambia, hatubadilishi sheria kwa sababu kitu kimekuwa kizuri.

Makatoni yetu yalitua Ndola, upande wa Zambia, katika ghala la mtu binafsi, kisha yakaletwa na lori, lile tunaloliita kaminyo, la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, huko Kivu, aliyekuwa na duka la jumla la sabuni, chumvi na mafuta. Alikuwa Mbatisti, mtu wa sala ndefu. Kaminyo halikutoka kabla yeye na dereva hawajaweka mikono juu ya boneti na kuomba. Mke wake na watoto walibaki kule Butembo, upande wa waasi, na mwaka wa pili sasa alikuwa hajawaona. Mizigo yetu aliibeba bure. Nilikwenda dukani kumwambia kwamba ya tano iko njiani, na kwa majivuno yangu nikamwambia na ile habari ya sifuri. Aliweka kalamu chini.

"Mama, mule ndani iko nini?"

Nikamweleza.

"Na bameandika sifuri?"

"Kama kawaida, papa."

"Mama, munisamehe. Miye niko mutu wa biashara, sijue mambo ya mashini. Lakini muzigo isiyo na bei, hakuna mutu anaichungaka."

Basi nikawaka! Nilimpa somo zima, nimesimama katikati ya mifuko ya chumvi: kwamba kuna vitu duniani visivyo vya kuuza, kwamba wafanyabiashara ndio waliotufikisha hapa, kwamba si kila mtu anapima maisha kwa mizani. Mtu aliyekuwa anatubebea bure! Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mama," akachukua kalamu yake. Mpaka leo nikiona mfuko wa chumvi nasikia aibu.

Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza ujumbe ulikuja: katoni imefika Ndola. Kaminyo lilikuwa liende wiki iliyofuata. Yaya alianza kuja parokiani kila siku badala ya Jumamosi tu, kupasha vidole moto, alisema. Alishonesha blauzi nyeupe. Mabinti zake walimfundisha njia ya kutoka kituo cha basi mpaka mlango wa ile ofisi, hatua kwa hatua, akaikariri kama alivyokariri namba za simu.

Wiki ile ile ya kaminyo kuondoka, rais aliuawa, huko Kinshasa.

Sina haja ya kueleza. Aliyekuwapo anajua, asiyekuwapo hawezi kujua. Mpaka ulifungwa. Maduka yalifungwa. Mwili wake ulipopitishwa mjini kwetu, watu walijaa barabara kutoka uwanja wa ndege, wengine wanalia, wengine wanaangalia tu jinsi wengine wanavyolia. Mama yangu alilia sana, naye hakuwa hata na neno zuri kwa yule mtu alipokuwa hai. Kwa watu wa Kivu zilikuwa siku mbaya. Waliangaliwa kana kwamba kila mmoja wao alikuwa na bunduki chini ya koti. Yule mfanyabiashara alifunga duka akajifungia ndani. Mpaka ulipofunguliwa, watu wenye silaha walikuja wakachukua kaminyo lake, kwa kazi ya taifa, walisema, na hakuna aliyewauliza taifa gani. Alikuja mwenyewe shuleni kunipa habari hiyo, kwa miguu, katika mvua.

"Mama, munisamehe," alisema tena. Nilitamani anitukane. Alinipa barua ya kuonyesha ghalani, yenye muhuri wake, akaniambia niende mwenyewe, na niende mbio.

Mbio! Kupata ruhusa ya kuvuka tu kulichukua siku tisa za kusimama kwenye mstari. Siku ya kumi nilipanda juu ya lori tupu lililokwenda kutafuta unga, mimi na wamama wengine kumi na wawili, tumejifunika turubai moja. Kwenye vizuizi tuliteremka, tukapanda, tukateremka. Nilikuwa nimeweka barua ya mfanyabiashara katika mfuko wa plastiki ndani ya sidiria. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza naenda kununua nini. Nikamwambia, "Naenda kuchukua sauti." Akasogea pembeni kidogo.

Ghala lilikuwa safi. Nataka hili lijulikane. Nilitegemea fujo na panya, nikakuta sakafu imefagiwa na mizigo imepangwa. Mtunza ghala alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema Kibemba, mimi nilisema Kiswahili, tukaelewana vizuri. Alisoma barua, akafungua daftari, akashusha kidole polepole.

"Umechelewa siku mbili," alisema.

"Siku mbili za nini?"

Akanionyesha tangazo ukutani. Mzigo unakaa siku arobaini. Baada ya hapo, wenye thamani unakwenda mnada wa Ijumaa. Usio na thamani unaondolewa.

"Unaondolewa unapelekwa wapi?"

Akaelekeza kidevu mlango wa nyuma.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiluba cha mama yangu ambacho sikijui vizuri ila matusi. Nilimwambia ni muuaji. Yule mzee alingoja. Pembeni yake kulikuwa na makatoni ya vitana vya plastiki, yamefunikwa vizuri, ya mtu ambaye labda alikufa au alikimbia, yanangoja mnada wa Ijumaa ile. Vitana! Vitana vilikuwa na namba kwenye karatasi yao, kwa hiyo vilikuwa hai. Nilipoishiwa pumzi, alichukua nakala ya karatasi ya mzigo wetu akaigeuza upande wangu.

"Mama, ni ninyi mliandika. Mimi sikuandika."

Halafu, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alinieleza yote. Fulana hawakuchoma, walizigawa. Kweli, mlinzi wa getini alikuwa amevaa moja, mpya kabisa, na yule ndege pengwini, alama ya mfumo wetu, kifuani. Vitabu vilikuwa vimelowa. Diski zilichomwa. "Na kile kidogo chenye spika, nilisema tukijaribu kwanza," alisema. "Tulikichomeka kwenye redio ya mlinzi. Hakikutoa sauti. Tukasema kimekufa."

Kingetoaje sauti bila kompyuta? Sikumwambia. Ingesaidia nini? Nilitoka mlango wa nyuma. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, na majivu yalielea juu yake. Nilichukua kijiti nikachokoa. Nilipata waya wa shaba uliopinda na diski moja nusu. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu, nimechuchumaa nyuma ya ghala la watu nachokoa majivu. Nililia pale, kwa sauti, sikujali nani ananisikia.

Nilirudi mjini Alhamisi. Jumamosi haikuwa mbali, lakini sikuweza kuingoja. Nilimwita fundi umeme na wengine waliokuwa karibu. Hawakunilaumu, na hilo liliniudhi zaidi. Mmoja wa wanafunzi alisema tuandike kwamba ilifika, tupige picha na katoni ya zamani, maana wakisikia imepotea watatuacha na hakutakuwa na ya sita. Wengine wakaanza kutafuta katoni ya zamani. Niliwaambia wapige picha yao bila mimi. Waliipiga. Yule wa gereji alijibu kwamba amefurahi sana, na kwamba anaomba kusikia sauti ya yule mama siku moja.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Ruashi. Zilibaki siku tano mwezi wa pili uishe. Yaya alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa mkono, na alinijua kabla sijasalimu.

"Unatembea sawa muntu amefiwa," alisema. "Nani?"

"Hakuna, Yaya."

"Basi ni mashini."

Nikamweleza. Nilimweleza mpaka, ruhusa, lori, siku mbili, shimo. Nilieleza vizuri sana. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ndola. Alisikiliza huku anachambua, majani huku, vijiti huku. Nilipofika kwenye tangazo la ukutani, mikono yake ilisimama.

"Bale ba vitana," alisema. "Bo baliandika bei?"

"Ndiyo."

"Na yetu?"

"Sifuri."

"Ni nani njo aliandika sifuri?"

Ningeweza kusema ni wale wa gereji. Mkono ulioandika ulikuwa wao. Ulimi wangu ulikuwa tayari kabisa kusema hivyo.

"Ni miye, Yaya. Baliniuliza, nikasema sifuri."

"Na weye uliniuliza?"

"Hapana."

"Ungeniuliza," alisema. Hakupandisha sauti. Ilikuwa ile sauti yake ya kazi, ya kuunganisha simu. "Ungekuya hapa, unikalie sawa hivi, uniulize: Yaya, hii kintu iko na bei gani? Ningekwambia, mudogo. Ningekwambia bei yake mpaka senti ya mwisho."

Alijifuta mikono, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe. Anakwenda kwa mkurugenzi, alisema, kumwambia asimngoje tena, ampe kiti mtu mwingine. Mtu mzima hamwachi mwenzake anangoja bure. Niliinuka nimshike mkono. Alinisikia nikiinuka, akaurudisha mkono wake nyuma, akaita jirani, mwanamke aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa njia. Yule mwanamke alikuja, Yaya akamwekea mkono begani, wakapita mbele yangu na kushika njia ya kituo cha basi.

Nilibaki kwenye kizingiti chake, kando ya lile sombe nusu, na hakuna aliyekuwa ameniambia nikae au niende.